Nguo inapokutesa juu ya baiskeli: soma dalili, tafuta chanzo

Kila wiki kuna mtu ananisimamisha hapa Tanga, kashika baiskeli yake, anauliza anunue nguo gani ya kuendeshea. Nami humrudishia swali: unaumia wapi, na ulikuwa unakwenda wapi? Nguo ya kutoka Chumbageni kwenda dukani Ngamiani siyo nguo ya kupandisha Lushoto. Na anayeungua mapaja hapati dawa moja na anayetetemeka kwa baridi.

Tangu Septemba 2025, Kigali ilipopokea mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani, ya kwanza kufanyika Afrika, swali hili limezidi. Vijana waliwaona wale mabingwa na nguo zilizowaganda mwilini, wakaamini raha inatoka hapo. Zile nguo zinabana kwa ajili ya upepo: ukiongeza mwendo mara mbili, upepo unakukinza mara nne. Kwa mtu wa kilomita 40 kwa saa hilo ni jambo kubwa. Kwa wewe wa kilomita 15 kwa saa, na furushi kwenye keria, halikuongezei kitu. Raha yako iko pengine, na mwili wenyewe unakuonyesha ni wapi ukiutazama vizuri.

Mapaja yanawaka, makalio yana vidonda

Hili ndilo lalamiko la kwanza la kila mwendeshaji, na ndilo linalowafanya wengi waiache baiskeli baada ya mwezi. Ukifika nyumbani, kabla ya kuoga, chukua kioo uangalie alama imekaa vipi.

Ikiwa ni mstari mwekundu, huo ni mshono. Mara nyingi ni jinzi. Igeuze jinzi yako ndani nje utazame pale miguu miwili inapokutana: mishono minne inagongana mahali pamoja, imekunjwa na kushonwa mara mbili, na fundo lake ni gumu kama punje ya hindi. Hilo fundo unalikalia saa nzima. Chupi nayo ina mshono wake na mpira wa pembeni, na inakata vilevile. Kwa safari za mjini tafuta suruali ya kitambaa laini, kisha mpelekee fundi cherehani akuwekee kipande katikati ya miguu, kama kile kikwapa cha kanzu, ili mishono isikutane pale unapokalia. Ni kazi ndogo kwa fundi, na tofauti yake utaiona siku hiyohiyo.

Ikiwa ngozi imechubuka ndani ya mapaja yote mawili, ama kitambaa kinajikusanya na kusugua, ama siti ni pana mno. Zile siti pana za springi zinafaa kwa mtu anayekaa wima na kwenda karibu. Ukienda nazo mbali, kingo zake zinasugua paja kila unapokanyaga. Taiti fupi ndani ya suruali au dera inasaidia sana hapo, kwa sababu kitambaa kinasuguana na kitambaa, ngozi inabaki salama.

Ikiwa kidonda kiko upande mmoja tu, usikimbilie kununua nguo. Mara nyingi siti iko juu mno na kiuno kinayumba huku na huku kutafuta pedeli. Kaa juu ya siti, mtu akushikie baiskeli, weka kisigino kwenye pedeli ikiwa chini kabisa. Goti linatakiwa linyooke bila nyonga kuinama. Kisigino kisipofika, shusha siti kidogo kidogo mpaka kifike.

Vipele vyenye vichwa vya usaha vinatokana na jasho, uchafu na vinyweleo vilivyosuguliwa. Usivikamue. Osha kwa maji na sabuni, kaa mkavu, pumzika siku mbili tatu. Kikiwa jipu lenye joto, au ukipata homa, nenda hospitali.

Sasa kaptula ya sponji, ile ya kubana ya waendesha baiskeli iliyoshonewa sponji pale unapokalia. Kwa safari ya zaidi ya saa moja naiamini kuliko vazi lingine lolote, lakini inavaliwa bila chupi. Kosa hili nililifanya mwenyewe. Mara ya kwanza kwenda Pangani niliivaa juu ya boksa ya pamba, nikiona ndiyo heshima. Nilipofika Kigombe boksa imeloa, imejikunja, ukingo wake umenichuna kinena, na njia yote iliyobaki niliendesha nimesimama kwenye pedeli. Sponji imetengenezwa isiwe na mshono pale unapokalia, na kitambaa chake cha juu kinalitoa jasho kwenye ngozi. Ukiweka pamba katikati umeyaua yote mawili. Anayeona haya kuvaa kaptula ya kubana avae nyingine pana juu yake, haipunguzi kitu.

Mpya ni ghali, lakini nzuri zinapatikana kwenye mitumba, Karume kule Dar au Gikomba Nairobi, zikiwa zimechanganyika na nguo za mazoezi. Ukiiokota, bonyeza sponji kwa kidole gumba kisha uachie. Ikirudi mara moja bado ni nzima. Ikibaki na shimo imekwisha. Halafu vuta kitambaa cha makalio kwa mikono miwili ukikielekeza kwenye mwanga. Ukiona mwanga unapenya waziwazi, laikra, yaani ule uzi wa kuvutika, imechoka, na nyuma yako watu wataona kila kitu. Kagua pia kingo za sponji kama uzi au gundi haijaachia. Nyumbani iloweke kwa sabuni, isuuze vizuri, ianike juani ikiwa imegeuzwa ndani nje, ndipo uivae.

Ijaribu ukiwa umeinama kama umeshika usukani. Ukisimama wima sponji itaonekana imening'inia kama nepi, lakini ukiinama inakaa mahali pake. Ikiteleza kushoto na kulia ni kubwa kwako. Wala unene usikudanganye: sponji nene sana inajaa jasho na kujikunja, na nimeshaona watu wakirudi kwenye nyembamba wakapona. Ya mwanamke na ya mwanamume hazifanani, kwa kuwa mifupa ya makalio ya mwanamke kwa kawaida imeachana zaidi. Dada, usikubali kuuziwa ya kaka yako eti saizi ni moja.

Mafuta ya mgando kidogo kwenye kinena yanapunguza msuguano. Yapake kwenye ngozi, siyo kwenye sponji, maana kuyatoa kwenye kitambaa ni kazi.

Ganzi sehemu za siri

Hapa wengi hununua kaptula nene zaidi, na ganzi inabaki palepale. Uzito wako unatakiwa uwe juu ya mifupa miwili ya makalio. Ukiangukia katikati, kwenye msamba, mishipa ya fahamu na ya damu inabanwa. Tazama pua ya siti: ikiinuka juu, ilaze iwe sawa na ardhi. Tazama kama usukani uko mbali sana hadi unakalia mbele. Kila baada ya dakika kumi hivi simama kwenye pedeli uhesabu hadi kumi na tano, damu ipite. Nguo inahusika tu pale inapojikunja mbele na kuongeza kifundo. Ganzi isipoondoka baada ya kushuka, au ikirudi kila safari ingawa umeshaweka siti sawa, mwone daktari bila kuona haya.

Umefika umelowa chapachapa

Katika nguvu unayotumia kukanyaga, takriban robo tu inafika kwenye pedeli. Iliyobaki inageuka joto ndani ya mwili, na jasho ndilo la kuliondoa. Lakini jasho linapoza pale linapokauka. Kwenye unyevu wetu wa Pwani halikauki upesi, linatiririka tu, kwa hiyo unachotafuta ni nguo inayoruhusu upepo kupita.

Mimi siungani na wanaoilaani pamba. Kwa safari ya chini ya nusu saa, kwa mwendo wa taratibu, shati la pamba jepesi na pana linakuachia upepo kifuani na linapendeza ukifika. Shida ya pamba inaanza safari ikirefuka: inakunywa jasho, inakuwa nzito, inagandamana mgongoni na haikauki. Hapo poliesta nyepesi yenye vitundu inashinda. Huhitaji jezi ya waendesha baiskeli. Jezi ya mpira uliyonayo kabatini, ya Coastal Union au timu yoyote uipendayo, mara nyingi ni kitambaa cha namna hiyohiyo. Faida ya jezi halisi ya baiskeli ni mifuko mitatu ya nyuma na mgongo mrefu, kiuno kisibaki wazi ukiinama.

Kama ni mgongo tu uliolowa, chanzo ni begi. Lihamishie kwenye keria, ulifunge kwa mpira wa tyubu. Wa ofisini wabebe shati lililoviringishwa badala ya kukunjwa, linafika bila makunyanzi. Ukifika usivae papo hapo. Kaa kivulini dakika kumi mwili upoe, jifute kwa kitambaa chenye maji, ndipo uvae. Ukivaa ukiwa bado unafuka joto, hata shati safi litaloa.

Na jua? Watu huvua ili wapoe, wakaungua mabega. Mikono mirefu, myepesi, ya rangi isiyokolea ni baridi kuliko ngozi iliyo wazi saa saba mchana. Soksi za mikono zinafanya kazi hiyo, na unazivua ukifika.

Ulipanda ukitoka jasho, unashuka ukitetemeka

Hii ni dalili ya milimani: Lushoto, Njombe, Mbeya, Limuru, Iten. Mfano naoujua ni barabara ya Mombo hadi Lushoto, zaidi ya kilomita 30 za kona na miamba. Unapanda karibu mita 1,000, na hewa hupungua joto kwa nyuzi kama 6 kwa kila mita 1,000. Nyuzi 6 siyo baridi ya kumwangusha mtu. Kinachokuangusha ni kwamba umefika juu umelowa jasho, kisha unaanza kushuka bila kukanyaga, mwili hautengenezi joto tena, na upepo wa kilomita 40 kwa saa unalikausha lile jasho kifuani kwako. Vidole vinakufa ganzi kwenye breki, na hiyo ni hatari kwenye kona zile.

Tiba ni mbili. Ya kwanza ni kupanda ukiwa na nguo chache, zipu wazi, ili usilowe kupita kiasi. Ukianza safari asubuhi uhisi baridi kidogo. Ukihisi joto zuri ukiwa bado umesimama mlangoni, umevaa kupita kiasi. Ya pili ni koti jepesi la upepo, linalokunjika likaingia mfukoni, ulivae kileleni kabla ya kushuka. Kuvaa ukiwa umeshapoa ni kuchelewa.

Huna koti? Nunua gazeti Lushoto mjini. Lifungue kurasa mbili, lilaze kifuani chini ya jezi, lifike hadi tumboni. Ni ujanja wa mabingwa wa zamani wa Ulaya kwenye milima ya Alps, na unafanya kazi kweli: karatasi inazuia upepo na kunywa jasho. Ukifika Mombo kwenye joto, unalitoa.

Kwa Njombe ya Juni na Julai, gazeti peke yake halitoshi. Fulana nyembamba ya sufu ndani ni bora, maana sufu inakupa joto hata ikiwa na unyevu, na kwenye mitumba watu huiruka wakidhani ni nguo ya kizee. Funika na magoti. Soksi ndefu zilizokatwa nyayo zinafaa kabisa.

Cheni imekula nguo

Kwanza namna ya kujinasua, maana wengi hapo ndipo wanapochana nguo au kuanguka. Mwaka jana nilimkuta mama mmoja kasimama kando ya njia, pindo la dera limezama kati ya cheni na gia ya mbele.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Nishikie hapa nilivute."

"Usivute, shangazi. Tunairudisha baiskeli nyuma."

Tukaisukuma nyuma polepole, nusu hatua tu. Cheni ikazunguka kinyume, dera likatoka lenyewe jinsi lilivyoingia, na grisi kidogo tu. Njia hii inafaa kwa baiskeli zote, hata zile za breki ya kukanyaga nyuma ambazo pedeli haizunguki kinyume kwa hiari.

Chanzo ni kwamba cheni iko upande wa kulia na inaingia kwenye gia kwa juu, kwa hiyo chochote kinachoning'inia upande huo kinavutwa. Suruali: kunja mguu wa kulia, au uufunge kwa pete ya mpira wa tyubu kuukuu iliyokatwa upana wa vidole viwili. Soksi juu ya suruali nayo inatosha. Kanga: fundo na ncha zote ziwe kushoto.

Dera na kanzu zinahitaji kazi zaidi. Wazee wa Pwani walikuwa wakipiga uwinda: pindo la nyuma linapitishwa katikati ya miguu na kuchomekwa mbele kiunoni. Kwenye dera pana unaweza kufanya hivyo bila kulipandisha juu. Vaa taiti ndefu au suruali nyepesi ndani. Vuta kitambaa cha nyuma kije mbele katikati ya miguu, usawa wa magoti. Weka sarafu nyuma yake, isukume iingie kwenye kitambaa cha mbele, kisha zungushia kifundo hicho mpira mdogo wa kufungia pesa, mara tatu. Dera linakuwa kama suruali ya mwamvuli, linakufunika kote na halifiki kwenye cheni wala spoku. Ukifika unautoa mpira, dera linarudi kama lilivyokuwa. Baibui linakubali ujanja huu kama lina upana wa kutosha. Mtandio uchomeke ndani ya kola, usipepee nyuma.

Kama bado hujanunua baiskeli na nguo zako ni ndefu, tafuta zile za mtumba kutoka Japani zenye boksi linalofunika cheni na fremu ya chini unayoipanda bila kurusha mguu. Baiskeli ya namna hiyo inakuachia uvae unavyotaka maisha yako yote.

Mvua imenyesha, koti lipo, na bado umelowa

Gusa ndani ya koti. Maji yakiwa ya vuguvugu ni jasho lako mwenyewe. Nailoni isiyopitisha maji haipitishi na mvuke. Fungua zipu ya shingo, legeza mikono, punguza mwendo. Kwa masika ya Pwani mimi sivai koti kabisa. Mvua ni ya joto, navaa poliesta inayokauka upesi, na nguo kavu inakaa kwenye mfuko wa plastiki uliofungwa. Milimani ni lazima liwepo, kwa sababu kulowa na baridi kwa pamoja kunamaliza nguvu.

Ukiona mstari wa tope kutoka makalio hadi shingoni, hiyo siyo mvua, ni tairi lako la nyuma. Funga madigadi.

Madogo yanayoharibu safari

Vidole viwili vya mwisho vikifa ganzi, unaegemea mno ukingo wa nje wa kiganja. Glovu zenye sponji zinasaidia, kubadilisha mshiko kunasaidia zaidi. Nyayo zikiwaka moto, kiatu kimebana au soli ni laini mno na pedeli inaugandamiza unyayo. Mguu huvimba kwenye joto, legeza kamba baada ya saa ya kwanza. Kandambili siyo kiatu cha baiskeli. Jasho likiingia machoni, vaa kofia nyembamba ya kitambaa chini ya helmeti. Kwa vumbi na wadudu vaa miwani, na jioni iwe ya kioo cheupe.

Madereva hawakuoni? Rangi ya njano kali inaonekana mchana, ila usiku inafifia kwa kuwa inahitaji mwanga wa jua. Usiku kinachookoa ni reflekta, na mahali bora pa kuiweka ni kwenye vifundo vya miguu, juu ya ile pete ya suruali. Inapanda na kushuka unapokanyaga, na dereva anatambua kuwa mbele yake kuna mtu.

Kaptula ilikuwa nzuri, sasa imeanza kuuma

Haijabadilika yenyewe. Uliza inavyofuliwa. Kama ndani ya nyumba mnatumia dawa ya kulainisha nguo, hiyo inaacha utando kwenye nyuzi, na kitambaa kinashindwa kulivuta jasho. Acha kuitumia kwa nguo za baiskeli. Maji ya moto sana na pasi vinaua laikra. Fua siku hiyohiyo uliyoivaa, kwa mkono na sabuni ya kawaida, usiisokote ukikamua bali uibonyeze, na uianike sponji ikitazama nje. Sponji inachelewa kukauka kuliko kitambaa. Inaweza kuonekana kavu huku ndani ina unyevu, na vipele vinaanzia hapo. Kwa hiyo mwendeshaji wa kila siku awe na mbili, moja mwilini na nyingine kambani. Ile ambayo sponji hairudi tena ukiibonyeza, ing'oe sponji uitumie kufutia cheni.